Kihisi cha unyevu kwenye skimu ya wakulima wadogo: pesa inatokea wapi, na mtafiti aipimeje?

Zamu_ya_Maji (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Maandiko kuhusu vifaa vya kielektroniki shambani na ukuaji wa uchumi yamekuwa mengi, lakini mengi yanaishia kwenye grafu ya unyevu inayopanda na kushuka. Mkulima hauzi grafu. Naomba uzi huu ubaki kwenye swali moja: kifaa kinachosoma udongo kinaleta pesa kwa njia ipi, na utafiti uipime wapi?

Mfano wangu ni skimu za Kiwere na Magozi, Iringa. Mradi wake ulianza 2013 kwa ufadhili wa ACIAR, kituo cha Australia cha utafiti wa kilimo wa kimataifa, ukiwa pia na skimu za Zimbabwe na Msumbiji. Kwa upande wa Tanzania alikuwamo Chuo Kikuu Ardhi. Kiwere ni mboga na mahindi, Magozi ni mpunga. Wakulima walipewa vifaa viwili. Cha kwanza ni Chameleon, kilichobuniwa CSIRO (shirika la utafiti wa kisayansi la Australia) na Richard Stirzaker na wenzake: vihisi vinafukiwa kwenye vina tofauti, na kisomeo kinawasha taa kwa kila kina. Bluu maana yake maji yapo tele (mvutano chini ya kilopaskali 20 hivi; namba ikipanda, mzizi unavuta maji kwa shida zaidi), kijani ni unyevu wa kutosha (20 hadi 50), nyekundu ni mizizi inaanza kutaabika (zaidi ya 50). Cha pili ni FullStop, faneli inayozikwa ardhini. Maji yakishuka hadi hapo, kielea kinapanda, na sampuli ya maji inabaki ndani uivute kwa bomba la sindano.

Kilichotokea Kiwere wengi hawakukitegemea. Wakulima waliona taa ya chini ni bluu wiki nzima wakati wao wanamwagilia kila zamu inapofika. Wakaanza kuruka zamu. Maji yakatumika kidogo, mavuno yakapanda, ugomvi wa maji ukapungua, na watu wakapata saa za kufanya kazi nyingine.

Kwa nini mavuno yapande maji yakipungua? Kwa sababu maji ya ziada hayashuki peke yake, yanashuka na nitrati. Chukua hesabu ya mfano: milimita 50 zilizopita chini ya mizizi kwenye hekta moja ni lita 500,000. Kama kila lita imebeba miligramu 20 za naitrojeni, umepoteza kilo 10 kwa hekta, yaani kilo 4 kwa ekari, sawa na karibu kilo 9 za urea. Hiyo ni mara moja tu. Rudia mara sita kwa msimu ndipo utaelewa kwa nini mkulima analalamika kuwa mbolea ni feki.

Tahadhari kwa watakaopima maji ya FullStop kwa karatasi za rangi: nyingi zinasoma nitrati nzima, siyo naitrojeni iliyomo. Gawanya kwa 4.43. Ukisahau, hasara utaiandika mara nne na zaidi ya ilivyo.

Hoja yangu basi: kwenye skimu za aina hii thamani ya kihisi iko kwenye mbolea na muda kuliko kwenye maji. Utafiti unaopima maji pekee unapima sehemu ndogo ya faida. Karibuni.

---

Fundi_Risasi

Mtoa mada umeanza vizuri. Nianze na upande wa vifaa, maana wengi wanaotaka kutengeneza chao wanaangukia palepale.

Usitumie kile kihisi cha meno mawili ya chuma yanayopitisha umeme kwenye udongo. Umeme wa upande mmoja unakula chuma ndani ya wiki chache, na usomaji unatambaa polepole ukidhani udongo unakauka. Hata ukikiwasha sekunde moja kwa saa, chumvi ya mbolea bado itakudanganya.

Kile cha kapasitansi (kinapima uwezo wa udongo kushika chaji ya umeme, ambao hupanda maji yakiongezeka), bapa jeusi lenye maandishi v1.2, kinafaa ila kina kasoro tatu za kiwandani. Kwanza, soma chipu yake kwa lenzi. Ikiwa TLC555 iko sawa; ikiwa NE555 inahitaji angalau volti 4.5, na kwenye bodi ya volti 3.3 inatoa takataka. Pili, kwenye baadhi ya bodi rezista ya megaohmu 1 upande wa kutokea haijaungwa kwenye ardhi ya sakiti. Dalili yake ni usomaji unaochukua sekunde nyingi kutulia. Pima kwa multimita kati ya waya wa kutokea na ardhi: ukikosa karibu megaohmu 1, lehemu kiunganishi. Tatu, kingo za bodi zimekatwa wazi na zinafyonza maji. Paka epoksi au rangi ya kucha mizunguko mitatu, ukisubiri ikauke kila mara, na sehemu yenye vipuri ifunike kabisa.

Ukitumia ESP32, ile chipu ndogo yenye Wi-Fi, soma kwa pini za ADC1 (32 hadi 39); ADC ni sehemu inayogeuza volti kuwa namba. Za ADC2 hazisomi Wi-Fi ikiwa imewashwa. ADC yake pia imepinda mwanzoni na mwishoni, hivyo chukua usomaji 30, panga, tumia wa katikati.

Sasa umeme, ambako miradi mingi hufia. Tuseme kifaa kinaamka kila saa kwa sekunde 8 kikila miliampea 120. Kwa siku ni karibu mAh 6.4. Kikilala kwa miliampea 0.02 kinaongeza 0.5. Betri ya 18650 ya mAh 2,500 inakaribia mwaka kwenye karatasi. Lakini bodi ya kujifunzia yenye regyuleta (kidhibiti volti) ya AMS1117, chipu ya USB na taa yake nyekundu inaweza kula miliampea 10 ikiwa *imelala*. Hiyo ni mAh 240 kwa siku: betri ileile inakwisha siku ya kumi. Toa taa, weka regyuleta ya HT7833, au tumia moduli tupu. MCP1700 inalala vizuri zaidi lakini mwisho wake ni miliampea 250. ESP32 ikirusha Wi-Fi inavuka hapo na kujizima.

---

Kilimo_Msomi

Wakuu shikamooni. Naandaa andiko la shahada ya uzamili. Maswali mawili. Kwa nini Chameleon haihitaji kukalibrishwa (usomaji wake kulinganishwa na kipimo cha kweli) kwa kila udongo, wakati hivi vya bei rahisi vinahitaji? Na shamba la robo ekari linahitaji vihisi vingapi?

---

Mbuga_Nyeusi

Marahaba. Ni vitu viwili tofauti vinavyopimwa.

Kihisi cha kapasitansi kinapima *kiasi* cha maji. Chameleon inapima *mvutano*, yaani nguvu ambayo mzizi unahitaji kuyavuta. Asilimia 20 ya maji kwenye kichanga ni udongo uliolowa. Asilimia hiyohiyo kwenye mfinyanzi, mmea umeshanyauka. Ila kilopaskali 50 ni taabu ileile kwa mzizi popote. Kwa hiyo rangi moja inafaa kwa Kiwere na kwa Msumbiji. Ndani ya kihisi pia mna jasi inayotuliza athari ya chumvi, na kuna kipima joto cha kusahihisha usomaji.

Ukichagua kapasitansi, kalibrisha kwa udongo wa shamba lenyewe. Chukua sampuli kwa pete ya chuma ya sentimita za ujazo 100, pima uzito, kausha nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Mfano: gramu 168 mbichi, 140 kavu. Maji ni gramu 28, hivyo asilimia 28 kwa ujazo. Wengi huandika 20 (28 kwa 140) kisha wanailinganisha na majedwali ya ujazo. Usichanganye. Fanya hivyo kwenye unyevu wa ngazi tano au sita, kuanzia mkavu hadi uliolowa siku moja baada ya kumwagilia, kisha chora mstari wako. Mstari wa kwenye mtandao wa mtu mwingine ni wa udongo wa mtu mwingine.

Kufukia ndiko kunakoharibu data kuliko kihisi chenyewe. Toboa shimo jembamba kwa kipenyo kinachokaribiana na kihisi. Chukua udongo uliotoka kina kilekile, ukoroge na maji uwe tope la uji mzito, mimina kidogo, zamisha kihisi, kisha rudisha udongo kwa tabaka ukiushindilia. Nafasi ya hewa ikibaki, utasoma ukame usiokuwepo. Waya usiupandishe wima: ushushe kwanza chini ya kihisi, uzunguke, ndipo upande. La sivyo maji ya mfereji yatafuata waya kama bomba na kihisi kitalowa kabla ya mizizi.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga kuna shida ya ziada. Ukikauka unapasuka na kujitenga na kihisi. Usomaji unaruka ghafla kwenda ukavu, na maji yakija yanashuka kupitia ufa moja kwa moja hadi kina cha chini. Ukiona cha chini kimelowa kabla ya cha juu, siyo muujiza, ni ufa. Siku hizo ziweke alama kwenye data, usizifute kimyakimya.

Idadi: robo ekari yenye udongo wa aina moja, seti moja ya vina vitatu inatosha kumfundisha mkulima. Kwa kitunguu, ambacho mizizi yake mingi iko ndani ya sentimita 30 za juu, weka 15, 30 na 45. Kile cha 45 ni cha kukuonyesha upotevu. Nyanya weka 20, 40, 60. Pachika ubavuni mwa tuta, siyo kileleni wala katikati ya mfereji. Na usiweke karibu na lango la maji kwa kuwa ni rahisi kufika. Mwisho wa mfereji ndiko kwenye kilio.

---

Jaruba_la_Mwea

Habari zenu. Nichangie upande wa mpunga kutoka skimu ya Mwea, Kenya, kwa sababu naona watu watakimbilia kuweka vihisi hivi kwenye majaruba. Kwenye jaruba lenye maji, kihisi cha mvutano kitakaa bluu msimu mzima. Hakikuambii chochote.

Kifaa cha mpunga ni bomba. Kata bomba la plastiki sentimita 30, kipenyo 10 hadi 15, litoboe matundu kila upande kwenye nusu ya chini, uzamishe sentimita 15 ardhini, kisha utoe udongo wote wa ndani. Hapo unaona maji yako wapi chini ya uso. Taratibu ya IRRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga) ni kuacha maji yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso ndipo ujaze tena hadi sentimita 5 juu. Anza wiki moja au mbili baada ya kupandikiza. Wiki moja kabla na moja baada ya kuchanua, usikaushe kabisa. Punje tupu zinatokea hapo.

Mwea majaribio ya kilimo shadidi cha mpunga yalianza 2009, na ugumu wa kukausha kwa zamu uko kwenye usawa wa jaruba zaidi ya bomba. Jaruba likiwa na kilima na shimo, bomba likisema sentimita 10 chini, kilimani magugu yameshashika. Sawazisha kwanza.

Mkitaka kuweka elektroniki kwenye bomba, jihadharini na vihisi vya mwangwi. Kile cha JSN-SR04T kisichoingia maji hakioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hivi, hivyo lazima kiinuliwe juu, na ndani ya bomba jembamba mwangwi unagonga kuta. Kijiti chenye alama za rangi tatu kinafanya kazi ileile kwa bei ya rangi.

---

Pima_Kwanza

Kilimo_Msomi, kabla hujanunua hata waya, panga ulinganisho wako.

Kosa la kwanza ni kugawa vifaa kwa bahati nasibu shamba kwa shamba ndani ya skimu moja. Taa hazina siri. Jirani asiye na kifaa anaona mwenzake ameruka zamu na mmea uko sawa, naye anaruka. Kundi lako la ulinganisho limeshapata tiba, na athari inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Gawa kwa mfereji au kwa skimu nzima.

Ukigawa kwa mfereji, sampuli yako inapungua nguvu. Gawanya idadi ya wakulima kwa 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni wakulima kwa mfereji na ρ ni mfanano kati yao. Wakulima 20 kwa mfereji na mfanano wa 0.1 kati yao unapata 2.9. Wakulima wako 400 wana nguvu ya wakulima 138 hivi. Ongeza mifereji, siyo wakulima kwa kila mfereji.

Kosa la pili ni kutotenganisha kifaa na mafunzo. Kwenye mradi wa Kiwere na Magozi vihisi vilikwenda pamoja na majukwaa ya ubunifu, ambako wakulima, wanunuzi, maafisa ugani na viongozi wa skimu walikaa kutafuta suluhisho la masoko, ramani za mashamba na pembejeo. Walifanya hivyo kwa makusudi, na nadhani walikuwa sahihi kwa maendeleo ya skimu. Lakini mtafiti hawezi kuchukua kipato kilichopanda pale akakipachika chote kwenye kihisi. Andiko lako liwe na kundi linalopata mikutano na kalenda ya maji bila kihisi.

Sasa vipimo, na hapa naomba msome taratibu. "Ekari" shambani mara nyingi ni hatua 70 kwa 70. Hatua ya sentimita 90 inatoa mita 63 kila upande, karibu na ekari halisi (mita za mraba 4,047). Hatua ya sentimita 80 inatoa mita 56, yaani mita za mraba 3,136, pungufu kwa zaidi ya asilimia 22. Zungukeni shamba na GPS, na kwa viploti chini ya robo ekari tumieni futi ya kamba, kwa sababu kosa la GPS la mita chache linakuwa kubwa.

Gunia nalo. Kitunguu kinauzwa kwa lumbesa (gunia lililojazwa kupita mdomo wake), na kilele cha lumbesa ni cha mnunuzi. Tenga la nyanya la soko moja si tenga la soko jingine. Ukimuuliza mkulima "ulivuna magunia mangapi" na kuzidisha kwa kilo 100, umeandika bei ya juu kuliko aliyopata kwa kilo, na mavuno ya chini kuliko aliyovuna. Bebeni mizani ya kuning'iniza, pimeni magunia matano kwa kila mnunuzi, kila wiki ya mauzo.

Na muda: msiulize "ulimwagilia saa ngapi" mwisho wa msimu. Mpe mkulima daftari lenye safu nne: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, nani alimwagilia. Safu ya nne ndiyo itakayoonyesha kama saa zilizookolewa ni za mama, za vijana au za kibarua wa kulipwa. Thamani yake sokoni si moja.

---

Bonde_la_Rufiji

Nakubaliana na mtoa mada kuhusu mbolea na muda. Ila kwenye maji niongeze neno, maana maandiko mengi yanatangaza "maji yaliyookolewa" bila kuuliza yamekwenda wapi.

Ruaha Mdogo, mto wa skimu hizi, unaingia Ruaha Mkuu, na chini yake kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, megawati 80 na 204. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maji yanayovuja chini ya shamba huenda yanarudi mtoni na kuhesabiwa tena na mtu wa chini. Ukiyazuia yasivuje, kisha mkulima akapanda ekari ya pili kwa maji hayo, mto umepata kidogo kuliko mwanzo. Ripoti ya FAO ya Perry na Steduto ya 2017 ililiweka wazi hili, na makala ya Grafton na wenzake kwenye jarida la Science 2018 ikalipa jina la kitendawili cha ufanisi wa umwagiliaji.

Kwa hiyo pima vitu vitatu: maji yanayoingia banioni, eneo lililopandwa msimu huo, na maji yanayotoka kwenye mtaro wa kurudishia. Bila hicho cha tatu, usiandike neno "kuokoa".

Upande wa ukuaji wa uchumi, kilimo ni takriban robo ya pato la Tanzania, na kinaajiri zaidi ya nusu ya watu. Ndiyo maana jambo hili linauma. Lakini faida ya skimu moja haizidishwi kwa idadi ya skimu zote. Nyanya za ziada za Kiwere hazishushi bei. Skimu zote zikivuna zaidi wiki ileile, bei inashuka, na faida inahamia kwa mlaji wa mjini. Hilo nalo ni jema, chakula kimeshuka bei, ila halitaonekana kwenye kipato cha mkulima wako. Andika wazi unapima cha nani.

---

Kilimo_Msomi

Asanteni sana. Bajeti yangu haiwezi kuweka seti kwa kila mkulima. Nianze vipi?

---

Zamu_ya_Maji

Huhitaji kila mkulima. Chagua mifereji 12, sita yenye vihisi. Kila mfereji wenye vihisi weka seti nne: moja juu, mbili katikati, moja mwisho. Kisomeo kimoja cha mkononi kinazunguka, siku ya Jumatatu na Alhamisi, na mwenye shamba ndiye anayesoma taa na kupaka rangi kwenye karatasi yake. Data ya kutuma kwenye seva ije baadaye. Rangi za wiki tisa ukutani kwa mkulima zinamfundisha kuliko ujumbe wa simu.

Jambo moja la kumaliza kabla ya kupanda: kanuni ya zamu. Kama chama cha umwagiliaji kinamtoza faini au kumnyima zamu inayofuata anayeruka ya leo, hakuna mkulima atakayeifuata taa ya bluu. Ataona, ataelewa, na bado atafungua maji. Kaa na kamati, waandike kwenye daftari lao kwamba anayeruka hapotezi nafasi yake, na wasaini.

---

Fundi_Risasi

Na panya. Waya wote upite kwenye bomba la plastiki la nusu inchi kuanzia ardhini hadi kwenye boksi, na mdomo wa bomba uzibwe kwa silikoni. Weka vihisi vya akiba viwili kwa kila kumi, na vikalibrishwe siku ileile na vingine, ili ukibadilisha katikati ya msimu usianze mstari mpya.